Taketomi (kisiwa)

Taketomi (kwa Kijapani: 竹富島, Taketomi-jima, kwa lugha ya wenyeji: Teedun) ni kisiwa kidogo cha Japani katika funguvisiwa la Yaeyama, kusini-magharibi kabisa mwa nchi hiyo. Kiutawala ni sehemu ya mji wa Taketomi katika mkoa wa Okinawa. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 5.4 na wakazi wake ni kama 350 tu, lakini kabla ya janga la UVIKO-19 kilikuwa kikipokea wageni wapatao nusu milioni kwa mwaka.

Kisiwa kinajulikana kwa nyumba zake za vigae vyekundu, njia za mchanga mweupe, kuta za mawe ya matumbawe na utulivu ambao wageni kutoka miji mikubwa ya Japani huufuata kwa ndege na kwa boti. Utulivu huo si zawadi ya bahari peke yake. Umetunzwa kwa kazi ya kila siku ya wakazi na kwa makubaliano yao yaliyoandikwa mwaka 1986, ambayo neno lake la kwanza ni kwamba ardhi haiuzwi.

Jiografia

Taketomi iko kwenye latitudo ya karibu 24°20' kaskazini, juu kidogo ya tropiki ya Kansa. Kisiwa kikubwa kilicho karibu zaidi ni Ishigaki, umbali wa takriban kilomita 6 upande wa mashariki. Upande wa magharibi, ng'ambo ya bahari yenye kina kifupi, iko Iriomote yenye milima na misitu. Tokyo iko mbali, karibu kilomita 2,000. Taiwan iko karibu zaidi kuliko Naha, makao makuu ya mkoa.

Umbo la kisiwa ni karibu na yai. Mtu anaweza kukizunguka kwa miguu kwa saa chache, maana mzingo wake ni kama kilomita 9. Kimejengwa na mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe, ni tambarare, na hakuna mto hata mmoja. Mvua hunyesha ya kutosha, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika eneo hilo, lakini maji hupenya haraka kwenye mawe yenye matundu. Kwa karne nyingi watu waliishi kwa maji ya visima na ya mvua waliyokinga. Hali ilibadilika mwaka 1976, bomba lililolazwa chini ya bahari lilipoanza kuleta maji kutoka Ishigaki.

Tabianchi ni ya nusutropiki. Wastani wa joto kwa mwaka ni zaidi kidogo ya sentigredi 24. Mwezi Januari joto hushuka hadi 19 hivi, na upepo wa kaskazini hufanya baridi ionekane kali kuliko kipimo chake. Mwezi Julai wastani hukaribia 30. Kuanzia majira ya joto hadi vuli hupita tufani, na nyingine zina nguvu za kung'oa miti. Ujenzi wote wa asili wa kisiwa ni jibu kwa tufani hizo.

Jambo moja huwachanganya wanafunzi: jina Taketomi ni la kisiwa na pia ni la mji, yaani wilaya ndogo inayojumlisha Taketomi yenyewe, Iriomote, Kohama, Kuroshima, Hateruma na visiwa vingine. Ofisi za mji huo hazipo Taketomi, wala katika kisiwa chochote cha mji huo. Tangu mwaka 1938 ziko Ishigaki, ambayo ni manispaa nyingine kabisa, kwa sababu boti zote za visiwa hivyo huanzia bandari ya Ishigaki. Mkazi wa Hateruma mwenye shida ofisini angelazimika kupitia Ishigaki hata kama ofisi ingekuwa Taketomi.

Vijiji na nyumba

Watu wote huishi katikati ya kisiwa, katika vijiji vitatu vinavyokaribiana: Ainota upande wa mashariki, Innota upande wa magharibi, na Nakasuji upande wa kusini. Kuvizunguka kuna vichaka, malisho ya ng'ombe na mashamba machache. Ufuoni hakuna kijiji, jambo linalomshangaza mgeni aliyezoea hoteli zilizojipanga mbele ya maji. Wazee waliojenga hapo walitaka kuwa mbali na mawimbi ya tufani na karibu na visima.

Nyumba ya Taketomi ina ghorofa moja na paa la chini. Kwa kawaida kiwanja kimoja huwa na majengo mawili: fuuya, yaani nyumba kuu ya kulala na kupokea wageni, na toora, jiko lililojengwa peke yake kwa kuhofia moto. Paa la nyumba kuu limeezekwa kwa vigae vyekundu vilivyoshikwa kwa chokaa nyeupe ili upepo usivinyanyue. Juu yake huketi shisa, sanamu ya mnyama anayefanana na simba, anayeaminika kufukuza mabaya. Zamani mafundi wa paa waliifinyanga kwa mabaki ya vigae na chokaa baada ya kumaliza kazi, kwa hiyo hakuna shisa wawili walio sawa. Mmoja amekenua meno, mwingine kama anacheka.

Wengi hudhani mapaa hayo mekundu ni ya kale sana. Katika ufalme wa Ryukyu watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuezeka kwa vigae, na katazo hilo liliondolewa mwishoni mwa karne ya 19 tu. Kabla ya hapo Taketomi ilikuwa kisiwa cha nyumba za nyasi. Mandhari yanayopigwa picha leo yalianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, wenyeji walipoanza kupata uwezo wa kununua vigae.

Kila kiwanja kimezungukwa na ukuta uitwao gukku, wa mawe ya matumbawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Upepo hupita katika mianya yake ukapunguzwa nguvu, badala ya kuuangusha ukuta wote. Mbele ya mlango kuna kipande kingine cha ukuta, hinpun, kinachozuia macho ya wapita njia na, kwa imani ya wenyeji, pepo wabaya ambao huweza kwenda moja kwa moja tu. Kwa imani hiyohiyo njia za vijiji zimepindishwa makusudi, na penye kuingilia kijijini palipandwa mti na kuzungushiwa mawe ili maradhi yasipite. Nyuma ya nyumba hupandwa fukugi, mti wa jamii moja na mangostini, wenye majani mazito yanayokinga dhoruba. Juu ya kuta hutambaa mmea wa pilipili ndefu, ambayo hukaushwa, kusagwa na kunyunyizwa kwenye supu ya tambi.

Njia zote za ndani ya vijiji ni za mchanga mweupe wa matumbawe. Wenyeji husema mchanga huo ulikuwa taa yao kabla ya umeme: chini ya mbalamwezi unang'aa kiasi cha mtu kuweza kumwona habu, nyoka mwenye sumu wa visiwa hivyo, kabla hajamkanyaga. Kila asubuhi, kabla boti ya kwanza haijafika, wakazi hufagia sehemu ya njia iliyo mbele ya nyumba zao mpaka mistari ya fagio inaonekana. Mtu aliyelala kisiwani akiamka mapema huikuta mistari hiyo bado haijakanyagwa. Pia kuna desturi ya zamani ya ukaguzi wa usafi, ambapo nyumba na viwanja vya kila familia hupitiwa na kutazamwa.

Historia

Mtu mashuhuri wa kwanza wa Taketomi anayejulikana kwa jina ni Nishito. Mwaka 1500 jeshi la ufalme wa Ryukyu lilizima uasi wa Oyake Akahachi huko Yaeyama, na kijana Nishito akachukuliwa kwenda Shuri, mji mkuu wa ufalme. Huko akawa fundi mkubwa wa mawe. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa lango la mawe la Sonohyan-utaki la mwaka 1519, ambalo tangu mwaka 2000 ni sehemu ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1524 alirudishwa akiwa mtawala wa Yaeyama yote, akaweka ofisi yake Taketomi. Kwa muda kisiwa hicho kidogo kilikuwa makao ya serikali, hadi ofisi ilipohamishiwa Ishigaki. Nishito anaheshimiwa hadi leo katika mahali patakatifu penye jina lake, na mafundisho ya kushirikiana katika kila kazi, ambayo wenyeji huyaita utsugumi, hunasibishwa naye.

Kuanzia mwaka 1637 watu wa Yaeyama na Miyako walitozwa kodi ya kichwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalifahamu neno hilo kutoka historia ya ukoloni. Huko Yaeyama kodi ililipwa kwa mpunga na kwa vitambaa vilivyofumwa na wanawake, na haikufutwa hadi mwaka 1903. Taketomi haina maji ya kutosha kulima mpunga. Wanaume walilazimika kuvuka bahari kwa mashua kwenda kulima Iriomote, ambako kulikuwa na malaria kali, na wengi walirudi wakiwa wagonjwa. Katika enzi hiyo aliishi Kuyama (1722–1799), mwanamke wa Taketomi anayesimuliwa kuwa alimkataa ofisa wa serikali aliyemtaka. Wimbo wa kazi unaomhusu, Asadoya Yunta, ulitengenezwa upya mwaka 1934 na kuenea Japani nzima, ingawa wengi wanaouimba hawajui kwamba kiini chake ni binti wa kijijini kumkatalia mwenye madaraka.

Vita vya Pili vya Dunia havikuleta mapigano ya nchi kavu Yaeyama kama yale ya kisiwa kikuu cha Okinawa. Hata hivyo mwaka 1945 jeshi la Japani liliwaamuru raia wengi wa Yaeyama kuhamia sehemu zenye malaria, na watu wapatao 3,600 walikufa kwa ugonjwa huo. Baada ya vita visiwa vilitawaliwa na Marekani hadi tarehe 15 Mei 1972, viliporudishwa kwa Japani.

Baada ya vita idadi ya wakazi iliongezeka kwa muda kutokana na waliorudi kutoka Taiwan na kwingineko. Baadaye vijana walianza kuondoka kutafuta kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki watu 250 hivi. Tangu hapo idadi imepanda kidogo, kwa sababu utalii uliwapa wengine riziki ya kurudia nyumbani.

Suala la ardhi

Mwaka 1971 Yaeyama ilipatwa na ukame wa miezi mingi, kisha tufani kali. Mazao yalikauka, mifugo ikafa. Wakati huohuo ilijulikana kwamba mwaka uliofuata Okinawa ingerudi chini ya Japani, na makampuni ya bara yalikuwa yakinunua ardhi visiwani kwa matumaini ya kujenga hoteli na viwanja vya michezo. Mkulima aliyepoteza kila kitu aliona fedha taslimu mbele yake. Sehemu kubwa ya Taketomi iliuzwa katika kipindi hicho kifupi, na si haki kuwalaumu waliouza bila kukumbuka ukame ule.

Baadhi ya wakazi waliona hatari mapema. Walianzisha kikundi cha kupinga ununuzi huo, wakaweka mabango na kwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi jirani zao. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Uesedo Toru, mtunzaji wa hekalu dogo la Kibuddha la kisiwa, ambaye alikuwa akikusanya vyombo vya kale vya wenyeji: majembe, mitungi, vitambaa, nyaraka. Mkusanyo huo, wenye vitu zaidi ya 4,000, uko katika jumba la makumbusho la Kihoin. Walipata pia moyo kutoka nje. Tonomura Kichinosuke, mkuu wa makumbusho ya sanaa za jadi huko Kurashiki, alikuwa ametembelea kisiwa tangu miaka ya 1950 na kuwaambia wenyeji kwamba nyumba na ufumaji wao ni hazina, wakati ambapo wao wenyewe waliviona kuwa dalili za umaskini.

Wakazi walijifunza pia kutoka Tsumago, mji mdogo wa kale katika milima ya bara, ambao mwaka 1971 ulikuwa umeamua kutouza, kutokodisha na kutobomoa nyumba zake. Kwa mfano huo ulitungwa Mkataba wa Kisiwa cha Taketomi, uliopitishwa na mkutano wa wakazi tarehe 31 Machi 1986. Misingi yake ni mitano: kutouza ardhi na nyumba kwa watu wa nje, kutochafua bahari, fukwe na kijiji, kutovuruga maadili na mandhari, kutobomoa majengo na mazingira, na kuhuisha, yaani kuzitumia mila na sanaa za kisiwa kwa faida ya wanaoishi sasa. Msingi huu wa tano mara nyingi husahauliwa na waandishi wa matangazo ya utalii, lakini bila huo minne ya kwanza ingekifanya kisiwa kuwa makumbusho tu.

Mkataba huo si sheria na hauna adhabu. Nguvu yake ni ya jirani kumtazama jirani. Serikali iliuongezea msaada tarehe 28 Aprili 1987 ilipoviingiza vijiji vya Taketomi katika orodha ya taifa ya maeneo ya majengo ya jadi yanayohifadhiwa, hatua iliyowezesha ruzuku za ukarabati. Tangu hapo anayetaka kujenga au kubadilisha nyumba hupeleka mchoro wake kwanza kwenye kamati ya wakazi. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye vigae vyekundu zilijengwa katika miaka ya karibuni, na mgeni hawezi kuzitofautisha na za zamani.

Ardhi iliyouzwa miaka ya 1970 haikurudi yote. Baadhi yake ilikombolewa, nyingine ilibaki mikononi mwa watu wa nje. Mwaka 2012 ilifunguliwa upande wa mashariki hoteli ya kifahari ya Hoshinoya Taketomi, yenye nyumba 48 zilizojengwa kwa taratibu za kisiwa: vigae vyekundu, gukku, hinpun, njia za mchanga. Kabla ya kuruhusiwa kulikuwa na mjadala mrefu. Waliounga mkono walisema ni afadhali ardhi itumiwe kwa masharti ya wenyeji kuliko kuachwa iangukie mnunuzi asiyejulikana; waliopinga walisema nakala ya kijiji inayouzwa kwa bei kubwa ni mlango wa kuuza kijiji chenyewe. Pande zote mbili zilinukuu Mkataba uleule. Baadaye, mpango mwingine wa hoteli karibu na ufuo wa Kondoi ulipingwa vikali, na hoja mojawapo ilikuwa ile ya zamani kabisa, yaani maji.

Kukaa kisiwani

Wageni wengi wa Taketomi hukaa saa tatu au nne tu. Hufika kwa boti ya asubuhi, hupanda mkokoteni wa nyati-maji, hukodi baiskeli, hula chakula cha mchana na kurudi Ishigaki. Kwa sababu hiyo kisiwa kina sura mbili. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni njia za Innota na Ainota hujaa kengele za baiskeli. Boti ya mwisho ikishaondoka, kisiwa hurudi kwa wenyeji na kwa wale wachache waliopanga kulala.

Mahali pa kawaida pa kulala ni minshuku, yaani nyumba ya familia inayopokea wageni. Vyumba vina sakafu ya mikeka ya tatami, godoro hutandikwa chini, na bafu mara nyingi ni la pamoja. Bei hujumlisha chakula cha jioni na cha asubuhi, na saa ya kula hupangwa na mwenye nyumba, si na mgeni. Chakula ni cha nyumbani: samaki, mwani, tikiti chungu lililokaangwa na tofu, tambi za Yaeyama katika supu ya nguruwe, na kamba wanaofugwa kisiwani humohumo. Baada ya kula, wageni na mwenye nyumba huweza kukaa barazani kwa yuntaku, mazungumzo yasiyo na ajenda, pamoja na kinywaji cha awamori kinachotengenezwa kwa mchele. Ikiwa yupo anayejua kupiga sanshin, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya nyoka, usiku hurefuka.

Hakuna taa za kuongoza magari, hakuna maduka makubwa ya saa 24, na shughuli za jioni ni chache. Wanaopumzika hapo kwa furaha ni wale wanaokubali hali hiyo. Siku hupita kwa mambo madogo: kwenda kutazama jua likizama kwenye gati ya magharibi, ambako Iriomote huonekana kama kivuli, kulala kivulini saa za joto kali, kutazama nyota. Mwaka 2018 hifadhi ya taifa ya Iriomote-Ishigaki, ambayo Taketomi imo ndani yake, ilikuwa ya kwanza nchini Japani kutambuliwa kimataifa kwa giza safi la anga lake. Kuanzia Desemba hadi Juni hata kundi la Msalaba wa Kusini huonekana chini kabisa kwenye upeo, jambo lisilowezekana Tokyo.

Nyati-maji, ambao leo ni alama ya kisiwa, si wa asili ya hapo. Waliletwa Yaeyama na walowezi kutoka Taiwan katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kulima, na kazi ya kukokota watalii ilikuja baada ya trekta kuwanyang'anya jembe. Safari moja huchukua kama nusu saa. Nyati huijua njia, hujua hata wapi pa kukata kona kwa upana ili gurudumu lisigonge ukuta, kwa hiyo mwendeshaji hupata nafasi ya kusimulia na kuimba.

Mgeni anatarajiwa kufuata adabu za mahali. Haruhusiwi kuingia utaki, vichaka vitakatifu ambamo makuhani wanawake humwomba Mungu wa kila ukoo na kila kazi; vipo vingi, na alama ya lango lake si mwaliko. Hapaswi kutembea kijijini akiwa na nguo za kuogelea, kupiga hema, kuingia uani kwa mtu kwa ajili ya picha, wala kuchukua mchanga na matumbawe ufuoni. Mnara mdogo wa Nagomi, uliojengwa mwaka 1953 juu ya kilima kilicho katikati ya kisiwa, ulikuwa mahali pa kutazamia mapaa yote. Tangu mwaka 2016 haupandwi tena kwa sababu ya uchakavu.

Tanadui

Sherehe kubwa ya mwaka ni Tanadui, yaani sherehe ya mbegu, inayofanyika katika vuli kwa tarehe zinazohesabiwa kwa kalenda ya zamani. Huchukua siku kumi. Asili yake ni kupanda nafaka ndogo ya jamii ya uwele na kuomba iote vizuri. Inasemekana ina umri wa miaka 600, na mwaka 1977 serikali iliitambua kuwa urithi muhimu wa utamaduni wa jadi usioshikika. Kilele chake ni siku ya saba na ya nane, ambapo ngoma, michezo ya kuigiza na vichekesho kama 80 hutolewa mbele ya utaki ya Yomochi. Vinatolewa kwa miungu kwanza. Watazamaji wameruhusiwa tu kuwepo.

Wakazi 350 hawatoshi kwa kazi hiyo. Watu wenye asili ya Taketomi wanaoishi Ishigaki, Naha na hata Tokyo huchukua likizo kurudi kucheza, na watoto hufundishwa mapema. Wakati wa sherehe nyumba nyingi za wageni huwa hazina nafasi kwa watalii, kwa kuwa vyumba vimejaa ndugu.

Ufundi unaohusiana na maisha hayo ni ufumaji wa minsa, mkanda mwembamba wa pamba wenye miraba mitano na minne inayopishana. Kwa Kijapani tarakimu hizo husomeka kwa mchezo wa maneno kuwa "hata milele", na zamani msichana aliufuma kumpa mwanamume aliyemkubali.

Bahari na fukwe

Kondoi, upande wa magharibi, ndio ufuo wa kuogelea. Mchanga wake ni mweupe, na maji ni ya kina kifupi sana. Yakipwa, mtu hutembea mbali kabla hayajamfikia kiunoni, na fungu la mchanga hujitokeza katikati ya bahari. Kusini yake ni Kaiji, ambako mkondo una nguvu na haifai kuogelea. Watu huenda Kaiji kwa ajili ya "mchanga wa nyota". Chembe hizo si mchanga kwa kweli: ni maganda ya viumbe vidogo vya bahari vya chembe moja, Baculogypsina sphaerulata, vyenye ncha tano au sita. Vinaishi juu ya mwani katika maji mafupi, na vikifa maganda yao husukumwa ufuoni. Mgeni hubonyeza kiganja mchangani na kuzihesabu nyota zilizonata, kisha hukung'uta mkono. Katika miezi ya joto inafaa kujihadhari na kiwavi cha bahari kiitwacho habu-kurage, chenye sumu kali.

Kati ya Ishigaki na Iriomote iko wangwa ya Sekisei, eneo kubwa kuliko yote ya matumbawe nchini Japani, lenye aina kama 400. Mwaka 2016 maji yalipata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka. Uchunguzi wa Wizara ya Mazingira uligundua kwamba asilimia 70 hivi yalikufa. Upaukaji mwingine mkubwa ulitokea mwaka 2022. Hapo Mkataba wa kisiwa hauna la kufanya, kwa kuwa joto la bahari halitoki Taketomi.

Mchango wa wageni

Tangu tarehe 1 Septemba 2019 kila mgeni anayefika Taketomi huombwa kulipa yeni 300. Fedha hizo hutumika kusafisha fukwe, kutunza mazingira na pia kununua tena ardhi iliyo mikononi mwa watu wa nje. Utaratibu huo unatokana na sheria ya taifa kuhusu rasilimali asilia za maeneo, na Taketomi ilikuwa ya kwanza nchini kuutumia kwa namna hiyo. Malipo ni ya hiari. Mashine za tiketi ziko bandarini Ishigaki na Taketomi, lakini wengi huzipita bila kulipa, ama kwa kutojua, ama kwa kuwa boti inakaribia kuondoka.

Kisiwa kina shule moja ya msingi pamoja na sekondari ya awali. Sekondari ya juu haipo katika mji mzima wa Taketomi. Kila mtoto hufikia miaka 15 akijua kwamba lazima ahame, ama Ishigaki, ama mbali zaidi.

Kufika

Taketomi haina kiwanja cha ndege. Uwanja wa karibu ni ule mpya wa Ishigaki uliofunguliwa Machi 2013, wenye safari za moja kwa moja kutoka Naha, Tokyo na Osaka. Kutoka uwanjani basi huenda bandarini, na boti za kasi huvuka hadi Taketomi kwa dakika 10 hadi 15, mara nyingi kwa siku. Tufani ikikaribia boti husitishwa kwa siku moja au zaidi, na mgeni aliyeko kisiwani hubaki huko, kwa kawaida akisaidia kufunga madirisha ya mbao.